Nguo za Jana

Kila asubuhi, mama mkwe akishatoka kwenda kununua maziwa, mkamwana wake alianua nguo zilizofuliwa jana na kuzirudisha kwenye mashine. Hakutia sabuni. Alizisuuza tu, roho juu, masikio yote yakiwa getini.

Mtoto alikuwa na vipele mgongoni. Daktari alisema ni sabuni inayobaki kwenye nguo. Kumwambia mama mkwe ndiko kulikomshinda. Bibi huyu alipohamia kwao aliomba kazi moja tu: "Niachieni kufua, nisikae hapa kama mgeni." Alizoea beseni, na sabuni aliipima kwa kiganja. Kwake yeye, bila povu nguo haijafuliwa.

Leo mashine iliguna mara moja, ikanyamaza. Maji yalifika nusu ya kioo, povu likaelea juu, na mlango ukakataa katakata kufunguka. Akachomoa waya wa umeme, akauchomeka tena. Wapi.

Geti likalia.

"Kumbe leo umeniwahi," mama mkwe alisema, akiweka maziwa mezani. Akainama kwenye kioo, akatazama kwa muda. "Shati hilo la mjukuu wangu nililifua jana."

"Lilianguka chini, mama."

"Na mashuka? Na suruali ya baba yake? Kamba nzima ilianguka?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Akaleta beseni na matambara. Mkamwana akafungua kifuniko kidogo cha chini, palipo na kichujio, akakilegeza polepole. Maji ya utelezi yakamwagika. Walijaza, wakamwaga, wakajaza tena, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kichujio kilipotoka, kilikuwa kimezibwa na soksi ya mtoto.

"Haya, mwizi kakamatwa," mama mkwe alisema, lakini hakucheka. Akajipangusa mikono kwenye kanga. "Mwanangu, kama mikono yangu haitakatishi tena, si ungeniambia? Wifi yako ana chumba. Leo hii nafunga mizigo yangu, wala sitanuna."

"Si hivyo, mama."

"Ni vipi basi?"

Mkamwana akaiokota ile soksi, akampa.

"Kamua, mama."

Mama mkwe akakamua. Povu likamtoka katikati ya vidole, jeupe, zito. Akakamua tena. Likatoka tena. Akaigeuza soksi kiganjani, na uso wake ukasinyaa taratibu.

"Vile vipele," alisema.

"Mikono yako haina kosa. Sabuni unatia kwa kipimo cha beseni, na mashine inataka vijiko viwili tu. Inayozidi haitoki, inabaki kwenye nguo." Akamshika mkono wenye povu. "Nimekuwa nikizirudia kwa siri, mama, kwa sababu niliogopa ukijua utaondoka. Na mimi sitaki uondoke."