Mshenga wa Plagi

Jana nililala nimeshika waya, na ndoto ikanichukua nao hivyohivyo.

Niko uani kwetu Lushoto, jua limezama sasa hivi. Darubini imesimama kwa miguu yake mitatu, na baba, Mwalimu Shekiondo, ameketi kwenye kigoda, anangoja. Baba amefundisha sayari maisha yake yote, hata mimi akaniita Zuhura, lakini Zohali na pete zake hajaziona ila vitabuni. Sasa presha ya macho imelizima jicho la kushoto, na la kulia nalo daktari hatupi matumaini. Naogopa. Kila jioni tukielekeza darubini juu, umande unaifunika lenzi yote, tunarudi ndani bure.

Mkanda wa kuipasha lenzi joto ninao. Shida ni plagi yake: ina pini moja katikati na ukosi wa chuma kuizunguka, na betri yangu ina tundu pana, lile la kuwashia sigara. Fundi wa sokoni aliitazama akaniambia hili ni dume, nikatafute jike lake. Jike sikulipata. Basi nalisukuma dume betrini kibishi. Linakohoa.

"Samahani, dada," linasema. "Hodi hujapiga, kwetu hujauliza, unanisukumia tu kwa watu?"

Namwomba radhi. Nikigeuka, ua umekuwa sebule, mikeka imetandikwa, kahawa inapita. Nyuma ya pazia la betri wanatoka mashangazi kumi na wawili wenye kanga za sare. Wanajitambulisha kuwa wao ndio volti, na hutembea pamoja. Apungue mmoja, nyumba inapoa; aongezeke mgeni, inaungua.

Shangazi mkubwa anauliza kwa bwana harusi, lile dume langu, chanya wa umeme anakaa wapi. Najibu kwamba anakaa katikati, na hasi amemzunguka. Wanatazamana, wanaridhika, maana hata kwao ni hivyo, na ingekuwa kinyume posa ingekufa hapohapo. Ila bwana harusi ni mwembamba mno, nyumba yao pana, atapwaya. Anatakiwa mshenga, mtu anayekubalika pande zote mbili.

Umande uliojilaza kwenye lenzi unainua kichwa. Unasema hauna ugomvi na mzee. Wenyewe hutua penye ubaridi, na pakipata joto kidogo utaondoka bila kusukumwa.

Baba anainuka, anasema ushenga ataubeba yeye.

"Hapana, baba," namwambia. "Mshenga mikono yake yote ina kazi, hawezi kuchungulia. Wewe kaa kwenye darubini."

Namshika dume kwa mkono wa kulia, betri kwa wa kushoto. Mashangazi wanavua viatu, wanapita kifuani mwangu mmoja mmoja, wananiomba samahani kwa usumbufu. Joto linapanda kwenye mkanda. Umande unatuaga kwa heshima, unahamia kwenye migomba.

Baba anainama, anaweka jicho. Mimi siwezi kugeuka, nikigeuka ndoa inavunjika. Namuuliza anaona nini.

"Ngoja kwanza, Zuhura."

Nangoja. Machozi yananitoka kwa furaha, na shangazi mkubwa ananisihi ninyamaze, maana maji na umeme havipatani.

Nikaamka. Kumekucha. Nilimkuta baba jikoni anakunywa chai, na kulizunguka jicho lake la kulia kulikuwa na alama nyekundu ya duara, kama mtu aliyekandamiza uso kwenye mpira unaozunguka kitundu cha kuchungulia cha darubini. Aliweka kikombe chini, akaanza mwenyewe.

"Miaka yote ile nimewachorea wanafunzi pete zimeigusa sayari," alisema. "Kumbe haziigusi, kuna nafasi kabisa. Sasa watu wote wale nitawapata wapi niwaambie?"