Askari wa Venance

Apolonia alipoambiwa kwamba Masalu, yule mfugaji mgeni, ametoa mtamba mzima kununua kijiaskari cha kuchezea cha madini ya risasi, kilichopanda farasi, alisonya mpaka kuku waliokuwa wakidonoa pumba mlangoni wakatawanyika. Mtamba! Ng'ombe jike mwenye tumbo la kuzaa, kwa kidude kisichozidi kidole!

"Atakikamua?" aliuliza. "Au atakipeleka malishoni?"

Ester, jirani yake aliyeleta habari hiyo, alicheka huku ameziba mdomo. Lakini Apolonia hakucheka. Wajinga humchekesha mtu wakiwa mmoja au wawili. Wakijaa mji mzima wa Ifakara, tangu mtaa wa Kibaoni mpaka wa Lipangalala, wanatia kichefuchefu.

Na mji ulikuwa umejaa kweli. Zamani duka moja la Kibaoni liliwahi kuleta katoni za vijiaskari vya risasi, vimepakwa rangi nyekundu na buluu, wengine na bunduki, wengine na ngoma, wachache juu ya farasi. Wakauzwa kwa bei ya vitu vya watoto. Watoto wakawachezea, wakawatafuna, wakawafukia mchangani na kuwasahau. Duka likafungwa, watoto wakakua, na hakuna mtu mzima aliyewataja tena, kama ipasavyo.

Ndipo Gaudensi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alipokwenda Dar es Salaam kutafuta kipuri. Huko akalala kwa tajiri fulani, akaona sebuleni kabati la vioo limepangwa askari kama wale wale. Basi! Akarudi Ifakara amepagawa. Akachongesha kabati, akatandika vitambaa vya kufuma, akatangaza kwamba ananunua askari. Akili ni nywele, wanasema, na Gaudensi alianza kuota upara akiwa bado kijana.

Angekuwa peke yake, angesamehewa. Lakini mwenye pesa akipiga chafya, wasio na pesa hutafuta leso. Mwenye duka la vitenge akataka kabati lake, bwana shamba naye akataka lake. Mwezi huu askari mmoja alikuwa kuku, mwezi uliofuata akawa debe la mchele, kabla ya Pasaka akawa mbuzi. Watu wazima na ndevu zao wakashika majembe kufukua majalala. Mwalimu mmoja alifukua shimo la choo cha zamani, akatoka na mpiga ngoma asiye na kichwa, akakataa mbuzi akisema bei bado inapanda. Ukiingia kwenye nyumba hizo, mtu anakupigia kelele, "Usimguse, rangi yake ya asili hiyo!" utadhani umeshika titi la mama yake. Limbukeni hana siri.

Nyumbani kwa Apolonia kulikuwa na askari mmoja tu, naye hakuwa ndani ya nyumba.

Alikuwa nyuma, baada ya migomba, kwenye kaburi la Venance. Mwanawe huyo, wa pekee, alikufa kwa surua kabla hajaanza shule. Kama ilivyo desturi, waliweka vitu vyake juu ya kaburi: kikombe cha bati na sahani. Vyote viwili Kelestini, baba yake, alivitoboa kitako kwa msumari ili mpita njia asivitamani. Kisha walimchomeka askari wake chini ya msalaba, amesimama, bunduki begani. Yeye hawakumtoboa. Siku zile nani angeiba kidude kama kile? Hata bunduki yenyewe ilikuwa na ncha bapa, maana Venance alikuwa na tabia ya kuitafuna.

Miaka yote hiyo Apolonia alifagia pale kila asubuhi, akamsalimu mwanawe, akamnyoosha askari kama mvua imemlaza. Hapo tu ndipo alipokuwa mama wa mtu. Kwingine kote aliitwa Mama Venance, na nusu ya walioita hawakumjua huyo Venance.

Gaudensi alikuja mwenyewe na pikipiki yake, tumbo limetangulia.

"Dada Apolonia, taja bei yako. Nasikia unaye mmoja mzuri."

"Shemeji, nikutajie bei ya mwanangu?"

"Sijasema mtoto. Nasema askari."

"Mimi sioni tofauti. Ondoa pikipiki yako, inawatia kuku wangu moshi."

Kelestini alikuwa kivulini anapiga randa mbao ya kitanda cha mtu. Hakuinua kichwa. Alikuwa fundi mpole, mtu wa maneno machache, na Apolonia alikuwa amezoea kusema kwa niaba ya wote wawili. Jambo moja alilisema zaidi ya mengine: aibu ya tuta lile. Wenzao wote walikwisha kuwajengea wafu wao, wengine hadi vigae, lakini mtoto wao alikuwa bado analala chini ya udongo mtupu, na kila masika tuta likishuka, Apolonia aliuliza kama baba mtu anangoja likawe bonde. Aliuliza wakati wa kula. Aliuliza hata mbele ya wageni.

Kwa hiyo siku Kelestini aliporudi na mifuko ya saruji kwenye mkokoteni, Apolonia alipiga vigelegele. Hakuuliza imetoka wapi. Fundi hulipwa, kitanda kilikwisha. Alimkaangia samaki mzima, kitoga, akamwekea kichwa.

"Kula, Baba Venance. Leo umekuwa mwanamume."

Kelestini alimega ugali, akautazama, akaurudisha sahanini.

Asubuhi Apolonia alikwenda kaburini kung'oa majani, ili ujenzi uanze. Kikombe kilikuwepo. Sahani ilikuwepo. Chini ya msalaba palikuwa na kishimo kidogo, kimefukiwa kwa kisigino.

Alipiga yowe Lipangalala nzima ikasikia. Akawalaani wezi na vizazi vyao. Akamtaja Masalu waziwazi, kwamba hawa wanaokuja na ng'ombe hawaheshimu hata makaburi, maneno ambayo hayakuwa ya haki, naye alijua hivyo alipokuwa akiyasema. Kelestini alisema wataweka kitu kingine. Ni Ester aliyemnong'oneza kwamba Gaudensi amepata askari mpya, na Jumapili baada ya misa amewaalika watu waje kumwona, pilau na soda juu yake.

Apolonia alivaa kitenge chake cha sikukuu akaenda.

Sebule ilijaa. Mwenye duka la vitenge alikuwepo, bwana shamba pia, hata Masalu na fimbo yake, amembeba mpanda farasi wake ndani ya kitambaa. Wote walikuwa wamelikodolea macho kabati, sauti zimeshushwa kama wako kanisani mbele ya tabernakulo. Na pale juu kabisa, peke yake, miguu juu ya kitambaa cheupe, alisimama askari wa Venance. Walimwosha. Lakini ncha ya bunduki ilikuwa bapa, na alama za vijino zilionekana.

"Nani amekuuzia huyu?" aliuliza Apolonia.

"Karibu soda kwanza, dada."

"Nani?"

Gaudensi alifuta jasho la upara. "Usinitie ubaya mbele ya wageni wangu. Sikuiba. Muulize mwenzio huyo nyuma yako."

Apolonia aligeuka. Kelestini alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa amemfuata.

"Saruji, Mama Venance," alisema. "Ulikuwa unalia kila masika. Nikasema bora mtoto apate nyumba. Askari hazuii mvua."

Hasira yote aliyokuja nayo ilikosa pa kukaa. Kumtukana alishindwa, maana maneno aliyoyasikia yalikuwa yake mwenyewe, yamemrudia kwa kinywa cha mume wake. Alimgeukia Gaudensi.

"Nirudishie. Kesho asubuhi saruji yako iko hapa."

"Dada, saruji ilikuwa bei ya Jumanne. Leo huyu ni ndama. Bei inapanda, siipandishi mimi." Akacheka, na wawili watatu wakacheka naye.

Hapo Apolonia akaipaza sauti ile iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mashamba.

"Chekeni! Mnajua alikotoka? Ametolewa kichwani pa mwanangu, kaburini! Mnakula pilau mbele ya kitu cha maiti, nyinyi mliovaa suti! Haya, kila mmoja amuulize wa kwake alikofukuliwa. Semeni!"

Kicheko kilikatika. Mwenye duka la vitenge aliweka sahani chini, akaanza kufuta mikono kwenye gauni. Masalu alimtazama mpanda farasi aliyekuwa kiganjani mwake.

"Na huyu wangu, mzee," alimuuliza Gaudensi, aliyemuuzia, "huyu ametoka wapi?"

Gaudensi hakujua. Alinunua, hakuuliza, na nusu ya wauzaji walikuwa vijana wasiotaja hata majina. Masalu alimweka mpanda farasi juu ya meza polepole, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nje alianza kuosha mikono kwa maji ya mtungi, na wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Ni Gaudensi mwenyewe aliyefungua kabati. Alimshika askari kwa ncha ya kitambaa, mkono umenyooshwa mbali na tumbo lake.

"Mchukue, dada. Na saruji mbaki nayo. Mchukue tu."

"Bei imeshuka?" alisema Apolonia, akatema mate kizingitini, akaondoka.

Wiki ile mji mzima haukuwa na mtu aliyewahi kupenda askari. Kila mmoja alisema ni wa shemeji yake. Kuwatupa mtoni waliogopa, kuwaweka waliogopa zaidi.

Siku ya kujenga, Apolonia alitangulia kaburini alfajiri na jembe, askari wa Venance amefungwa pindoni mwa kanga yake, Kelestini akimfuata na ndoo ya zege. Tuta halikuonekana. Watu walikuwa wamekuja usiku kuwaleta askari wao, kila mmoja kwa siri yake, wakawaacha kwa maiti mmoja waliyemjua: wenye bunduki, wasio na vichwa, mpanda farasi wa mtamba, wote wametapakaa juu ya Venance.

"Waoga," alisema Apolonia. "Wajinga na waoga. Jalala lao ni kwa mwanangu?"

Akainua jembe awakokote wote mpaka shimo la taka. Jembe likateremka mara moja, likasimama. Miguuni pake alikuwa amelala mpiga ngoma, mzima, rangi yake nyekundu bado ipo.

Alimjua. Mpiga ngoma kama huyu alikuwa dukani siku ile yeye na Venance waliponunua yule mwenye bunduki. Venance alimwonyesha kidole, akaomba na huyu pia, ili askari wake asitembee peke yake. Bei yake ilikuwa yai moja. Apolonia alikuwa na kapu zima la mayai kichwani, akamvuta mkono mtoto, akamwambia mayai ni ya kuuza, si ya upuuzi. Mtoto hakulia. Alitembea njia nzima akigeuka nyuma.

Apolonia alipiga magoti kwenye udongo, akamfuta mpiga ngoma kwa pindo la kanga.

"Leta zege, Baba Venance," alisema.

Akamfungua yule mwenye bunduki pindoni, akawasimamisha wawili, bega kwa bega, chini ya msalaba, akawashikilia kwa vidole mpaka zege likakaza, na muda wote huo alikuwa analia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.