Nyumba ya Kuazima

Afisa wa mfuko wa misaada alipopiga simu kusema atakuja kukagua nyumba kwa ajili ya ombi lao, Wadha alimpa mama mkwe wake habari, kisha akarudi jikoni kuendelea kusaga vidonge vya kifafa. Hakufurahi, wala hakuogopa. Tangu daktari wa mji wa Karak alipomwambia kwamba binti yake, Ghazal, hatatembea wala hatazungumza, moyo wake ulikufa ganzi, na sasa mtoto alikuwa na miaka saba. Wadha alifanya yaliyopasa kufanywa. Alimlisha kwa mrija, akambadilisha nepi, akamgeuza ubavu asipate vidonda, akalala, akaamka.

Aliyewaka moto ni mama mkwe, Hajja Khadra.

"Mgeni aje nyumbani kwa mwanangu akalie godoro lililotoboka? Watu watatuelewaje?"

"Si mgeni, mama. Ni afisa. Anakuja kuona tunavyoishi."

"Kwani atabisha hodi au ataruka ukuta?"

"Atabisha hodi."

"Basi ni mgeni."

Kufikia asubuhi ya pili nusu ya kijiji ilikuwa imehamia kwao. Kochi lilitoka kwa mke wa imamu, zulia kwa jirani wa juu, televisheni kwa bwana harusi mmoja aliyeibeba mwenyewe mgongoni na kuomba isiguswe. Godoro la Ghazal, lililokuwa limeshika harufu ya mkojo, likafichwa juu ya paa. Sinia la mansafi likaja kutoka kwa shemeji, wali umefunikwa kwa nyama ya kondoo na mtindi. Ghazal akaogeshwa, akavishwa gauni la Idi, akaegemezwa kwenye mito ya watu. Kama unawacheka, hujaishi huko milimani. Huko mtu anaweza kulala njaa wiki nzima na finjani za wageni zikawa zinang'aa kabatini.

Afisa alikuwa msichana aitwaye Rawan, mwembamba, tableti mkononi, viatu vimejaa matope. Alisema haruhusiwi kula kazini. Hajja Khadra alimwangalia kama aliyetukanwa, na Rawan akala.

"Mnapungukiwa na nini hapa nyumbani?" aliuliza.

"Sisi?" Hajja alidaka kabla Wadha hajafungua mdomo. "Hatupungukiwi na kitu, binti yangu, Mungu ashukuriwe. Kula bwana, mbona unadonoa kama kuku mgonjwa?"

"Na maziwa ya mtoto? Nepi?"

"Heri tupu. Mwangalie mwenyewe alivyopendeza."

Wadha alikuwa amesimama mlangoni ameshika dele la kahawa. Maziwa ya mrija yalikuwa yamebaki kopo moja. Nepi zilikwisha zamani, walikuwa wakikata mashuka. Alijua kwamba neno moja lingetosha. Lakini mke wa mtu hamkanushi mama mkwe wake mbele ya mgeni, na kusema kweli hata hamu ya kukanusha hakuwa nayo. Akamimina kahawa.

Jibu lilikuja kwenye simu. Nyumba ina samani nzuri, mtoto yuko katika hali nzuri, ombi limekataliwa. Wadha alimsomea mama mkwe wake.

"Alikula nyama yetu," Hajja Khadra alisema. Alirudia maneno hayo mpaka yakamchosha, kisha akajifunika shali na kugeukia ukutani.

Mume wa Wadha, Muflih, alikuwa kibarua bandarini Akaba na alituma alichopata, ambacho kilitosha mkate na dawa ya kifafa. Maziwa ya kawaida yalimharisha mtoto. Wadha akaanza kuyaongeza maji yale ya kopo, kidogo, kisha zaidi. Siku moja akimgeuza Ghazal alihisi paja lake limekuwa jembamba kama mkono. Alilishika kwa muda. Hakulia. Alivaa koti, akamwacha mtoto na bibi yake, akaenda kijiji cha pili, kwa kina Rawan. Kule kumtafuta mtu hakuhitaji anwani. Unauliza ukoo tu.

Baba yake Rawan, Mzee Dhaifallah, alimkaribisha sebuleni, akamketisha karibu na hita, akammiminia kahawa chungu yenye iliki. Wadha aliipokea finjani kwa mkono wa kulia. Akaiweka chini sakafuni, mbele ya magoti yake, bila kuionja.

Mzee akaitazama finjani. Wanaume ndio huweka finjani chini, wakienda kuposa au kuombea suluhu ya damu iliyomwagika. Mgeni akiiacha hivyo, mwenye nyumba lazima aulize haja yake na ampe, na mgeni akiondoka hajanywa, aibu inabaki mlangoni kwa mwenyeji. Mwanamke peke yake kufanya vile, mzee hakuwahi kuona.

"Kunywa kahawa yako, binti," alisema polepole. "Ulichokijia, kama kiko mikononi mwetu, umekipata."

"Hakiko mikononi mwako, baba." Rawan alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. "Usiahidi. Huyu ni wa kazini."

"Kazini kwako wewe. Hapa ni kwangu, na kahawa inapoa."

Wadha alisema bila kuinua macho. "Kochi ulilokalia ni la mke wa imamu. Zulia la jirani. Televisheni ya bwana harusi, ameshaichukua. Nyama ya shemeji. Godoro la mtoto lilikuwa juu ya paa. Ninamlisha maji yaliyotiwa maziwa."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesemaje? Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale."

Rawan akajiegemeza ukutani. Naye alikuwa na bibi wa aina hiyo hiyo, alilelewa naye, na Wadha aliona usoni mwake kwamba ameelewa. "Kuna ukaguzi wa marudio," alisema. "Ni mara moja tu, hakuna mwingine baada ya hapo. Nitakuja kesho asubuhi. Usimwambie mtu. Nataka niwakute mlivyo."

Wadha akaiokota finjani. Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Akainywa yote, na Mzee Dhaifallah akashusha pumzi.

Njiani kurudi alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtoto yuko katika hali nzuri. Ndivyo walivyoandika. Walimwona msafi, amepakwa mafuta, wakadhani hana shida. Msichana yule alisema awakute walivyo, lakini Wadha hakuwa tena na imani na ukweli mtupu. Ukweli ulikuwepo siku ile pia, umekaa kwenye mito, na hakuna aliyeuona.

Alfajiri Ghazal alipojisaidia, Wadha alisikia harufu, akabaki amekaa.

"Mtoto amechafuka," Hajja Khadra alisema.

"Najua."

"Niweke maji motoni?"

"Hapana."

Hajja alimtazama. Alitaka kuinuka, Wadha akamshika pindo la kanzu. "Kaa, mama." Hakuwahi kumwamuru mkubwa maishani mwake, na sauti ilitoka bapa, kama ya mtu anayesoma bei za mboga. Ajuza akakaa.

Ghazal alianza kulalamika, ule mguno wake wa chini anapokerwa. Shuka lilikuwa limelowa mpaka godoroni na hita ilikuwa imezima. Wadha aliweka mikono mapajani akaitazama. Ilitaka kwenda, aliihisi inavyotaka, akaibana. Mguno ukawa kilio, kilio kikapungua kikawa kwikwi, na jua likafika dirishani kabla gari halijasikika nje.

Rawan aliingia, akasimama. Harufu ilikuwa imejaa chumba kizima. Alimtazama mtoto, midomo imekuwa buluu kwa baridi, kisha akamtazama Wadha.

"Tangu saa ngapi yuko hivi?"

"Tangu alfajiri. Andika." Wadha alimwelekeza kwa kidole. "Andika hatuna nepi. Hatuna mafuta ya hita. Kopo lile pale, litikise, tupu. Andika sisi ni maskini." Neno hilo alilisema mbele ya mama mkwe wake, na Hajja Khadra akajifunika uso wote kwa shali.

Rawan hakuandika. Alipiga picha ya godoro na ya ukuta mtupu, akaifunika tableti.

"Mama Ghazal," alisema, "nilishajaza jana, ulipoondoka tu. Neno lako lilitosha. Zilibaki picha za nyumba. Ungembadilisha tu mtoto."

"Basi tumepata?"

"Mmepata. Mwezi ujao itaanza kuingia."

Wadha aliitikia kwa kichwa. Hakumsindikiza mpaka garini. Alimsikia Hajja Khadra akinong'ona kwa mgeni kwamba hata kahawa hajapewa, na mgeni akijibu kwamba atakunywa siku nyingine, hajja, Mungu akipenda.

Akachemsha maji. Akambeba Ghazal hadi kwenye beseni, akamvua, akaona ngozi ya mapaja ilivyobabuka na kuwa nyekundu kama nyama. Akamimina maji ya uvuguvugu taratibu, akiifuata mikunjo kwa vidole. Alitarajia kilio. Mtoto aliyahisi maji, akageuza kichwa upande ilikokuwa mikono ya mama yake, na akacheka.

Wadha aliendelea kumwosha. Mtoto alishatakata, lakini mikono iliendelea kummiminia maji, na hakuelewa kwa nini, kwa sababu moyoni bado hakuwa akihisi kitu.