Mwiko wa Akurut

Mwaka 1964 wote nilikula chakula cha mchana nimesimama. Watoto wa darasa la tatu wakipanga foleni jikoni, mimi nalinda sufuria ndogo ya mwanafunzi wangu Akurut, upawa wa mboga za karanga usije ukagusa humo. Karanga zilimvimbisha midomo na kumziba pumzi. Na huku kwetu Mulanda, mboga isiyotiwa karanga za kusaga watu huiona ni adhabu.

Mama yake, Asio, ndiye aliyepata njia. Daktari wa Tororo alimweleza ugonjwa wenyewe, lakini nani angemsikiliza?

"Mwalimu, nikisema ati ni ugonjwa, watu nacheka," aliniambia. "Nikisema ni mwiko ya ukoo, nanyamaza."

Kweli wakanyamaza. Rasto, mpishi wetu, mtu wa kubishana hata na mvua, alianza kuosha upawa bila kuambiwa. Nikashukuru, maana nilikuwa nimechoka kueleza.

Kisha akaletwa mkuu mpya wa shule, Mwalimu Herbert Okochi, kutoka upande wa Busia. Mtu mwema, na dini imemkolea. Nilimwambia wazi kwamba mtoto ni mgonjwa. Akatabasamu tu. Shule nzima ilikwisha kumwambia ni mwiko, kwa hiyo aliona ninaficha upagani wa Asio.

Pasaka ikafika, Akurut akabatizwa, akaitwa Elinah. Shule ilipofunguliwa niliamka na homa, nikachelewa jikoni. Nilimkuta mkuu amepiga goti mbele ya mtoto, mkononi ana kijiko cha mboga.

"Umezaliwa upya, Elinah," alikuwa akisema. "Mambo ya ukoo hayakufungi tena. Kula kwa jina la Yesu."

Niliita. Mtoto alinitazama, akamtazama mkuu wake wa shule, ambaye sasa alikuwa amefumba macho anamwombea. Utamkataliaje mtu wa namna hiyo ukiwa na miaka tisa? Akameza.

Midomo ilianza kuvimba kabla sijamfikia. Mkuu alimbeba mwenyewe mbio hadi barabarani, tukasimamisha lori lililokuwa likienda Tororo kuchukua saruji. Njia nzima nilisikia pumzi ya mtoto ikipita kwa shida, na kila ilipokawia, mimi nami niliacha kupumua. Hospitalini wakamdunga sindano. Alasiri pumzi ikatulia. Nikakaa kwenye benchi.

Mkuu alikuja akasimama karibu yangu, shati limelowa jasho.

"Mwalimu Specioza," alisema polepole, "sikujua mwiko wa watu hawa una nguvu hivi."

Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha sikuweza hata hilo. Nikainuka nikaingia kwa mtoto. Macho yake yalikuwa yamevimba, yamebaki mistari.

"Mwalimu," alininong'oneza, "ubatizo yangu imekataa? Mungu hanitaki?"

Machozi yakanitoka. Nilimshika mkono, nikamwambia Mungu anamtaka sana, ubatizo wake ni mzima kama wa mtu yeyote, na kilichomwangusha ni karanga, karanga tu, na zitamwangusha tena hata akibatizwa mara mia.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Nikayasema yote upya, kwa sauti kubwa zaidi, nikimtazama yeye.