Alama za Venant Kwenye Kalenda

Saa mbili asubuhi foleni ya dirisha la dawa ilikuwa imeshafika kwenye bomba la maji. Nkwabi, mkata minofu ya sangara kiwandani, alishika kadi ya hospitali ya mkewe. Wilhelmina mwenyewe alisimamia mguu mmoja. Wa kushoto ulikuwa umevimba tangu usiku.

Mwaka jana Wilhelmina alikatwa titi kwa ajili ya saratani. Tangu hapo alikuwa akimeza kidonge kimoja kila siku, na mfamasia Venant ndiye aliyemfundisha: saa ileile, usiruke, jasho likikutoka usiogope. Akamchorea na alama kwenye kalenda ya kanisa, moja kwa kila kidonge. Kalenda ilitundikwa juu ya kitanda, na Nkwabi akawa analala chini ya mwandiko wa mwanamume mwingine.

Ilimuuma sana. Nyumbani mkewe hujibu "sijambo" basi, lakini dirishani alikuwa na maneno ya nusu saa. Hata habari ya kukosa siku zake, mume aliisikia akiwa amesimama nyuma yake kwenye foleni. Mwezi uliopita akamwandikia katibu wa hospitali barua: mfamasia anapiga soga na wake za watu. Alitaka akaripiwe tu.

Lakini mwaka ule, tisini na sita, agizo la kupunguza wafanyakazi lilikuwa limeshuka, na katibu alikuwa anatafuta majina ya kujazia orodha. Barua ya Nkwabi ilimpunguzia kazi ya kufikiri.

Dirishani leo alikaa msichana aliyekuwa karani wa masjala mpaka Ijumaa. Wilhelmina akamweleza habari ya mguu.

"Mimi natoa dawa tu, mama. Hayo umuulize daktari, anakuja Alhamisi."

"Na Venant?"

"Panga la kupunguza watu limempitia. Kuna mtu alimshtaki kwa barua."

Nkwabi akainamia kadi kama anayeisoma.

Walipotoka, Wilhelmina alikaa juu ya jiwe, bahasha ya vidonge mkononi.

"Aliniambia mguu ukivimba nimwone siku hiyohiyo, inaweza kuwa damu imeganda. Sasa baba, nimeze au nisimeze?"

Miezi yote hiyo Nkwabi alikuwa akitamani aulizwe yeye.

"Sijui," alisema. Kisha, kwa shida, akauliza Venant anakaa wapi.

"Buhongwa, nyuma ya mashine ya kusaga."

Akampa bega aegemee, wakaanza kutembea kwenda barabarani. Na pamoja na yote aliyoyatenda, Nkwabi akawa anajiuliza mkewe amepajuaje.