Kivuli cha Karani

Jumanne moja, saa sita kasoro robo, karani wa soko alikuwa anagonga mihuri kwenye vibali vya mwezi mpya wakati kivuli chake kilipojibandua sakafuni, kikapita chini ya mlango, kikaenda zake. Alikiona kikiondoka. Alimaliza vibali vilivyobaki kwanza, kwa kuwa watu walikuwa kwenye foleni.

Baadaye mlinzi wa lango akaja kumwarifu kwamba kivuli chake kiko uwanjani, kwa yule fundi cherehani.

Uwanjani hakukuwa na paa. Fundi alikuwa akishonea pale tangu mwaka juzi. Alizaliwa na ualbino, na daktari wa ngozi alimpa masharti manne: kofia pana, mikono mirefu pamoja na glavu, mafuta ya kuzuia jua kila baada ya saa mbili, na tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi asiketi juani. Matatu aliyashika kama amana. Glavu tu zilimshinda, maana sindano ilizidaka, hivyo migongo ya viganja vyake ilikuwa imebabuka. Sharti la nne halikuwa mikononi mwake. Asubuhi alifuata kivuli cha ukuta, akisogeza cherehani hatua kwa hatua. Ikifika adhuhuri, ukuta wenyewe haukuwa na cha kumgawia. Sikio lake la kushoto lilikuwa na kidonda kisichotaka kupona.

Alikuwa ameomba kibanda chenye paa. Fomu yake ilikuwa kwenye droo ya karani, chini kabisa, mwezi wa kumi na nne sasa. Penye "ndugu wa karibu" fundi aliandika jina la karani. Naye karani, siku ya kwanza kazini, alipoulizwa ana ndugu wangapi, alijibu kwamba kwao kazaliwa peke yake. Uongo ule ulimponyoka bila kufikiri, kisha akaulea hadi ukaota ndevu.

Alipotoka nje, wauza nguo walikuwa wameshakitambua kivuli: shingo iliyoinama kidogo, kalamu juu ya sikio. Kilijitanda juu ya fundi kama turubai, kikamfunika yeye, cherehani na kapu la vitambaa. Muuza viatu alimwambia karani kwa upole kwamba damu haifichiki. Wengine waliendelea na biashara zao, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kumbe walijua siku nyingi.

"Kaka," fundi alisema bila kuacha kukanyaga pedali, "mimi sikukiita."

"Najua."

"Tulipokuwa wadogo ulikuwa unatembea upande wa jua ili nipite kivulini mwako. Labda kimekumbuka."

Karani akageuka ili aondoke nacho. Hakikusogea. Alirudi ofisini peke yake, macho chini, na chini hapakuwa na kitu.

Mchana ule aliichomoa fomu, akaipeleka kwa meneja, akakiri kwamba mwombaji ni mdogo wake, tumbo moja. Meneja alimkumbusha kwamba mtumishi haruhusiwi kuacha kivuli nje saa za kazi bila kibali, ila safari hii angemsamehe. Kuhusu kibanda, alifungua faili: cha mwisho alipewa muuza vifuniko vya simu, kwa miaka mitano, kwa sahihi ya karani mwenyewe. Kisha akatazama dirishani.

"Na huyu anataka paa la nini tena? Si ana kivuli?"

Karani aliichukua fomu, akaandika kwa mwandiko wake mzuri, "Mwombaji amekwisha kupata kivuli," akagonga muhuri.

Kivuli hakikurudi. Kila siku ya jua hukaa uwanjani, kikijisogeza taratibu kadiri jua linavyosogea, kisiache hata ncha ya kidole cha fundi nje. Kidonda cha sikio hakijapona. Daktari alisema kivuli kilichelewa.

Karani hupita uwanjani bila kivuli, na shingo yake ilianza kubabuka. Wiki iliyofuata mdogo wake aliiona, akamwita, akammiminia mafuta yake kidogo kiganjani na kumwambia asisahau nyuma ya masikio. Kisha akamuuliza kama ombi lake limejibiwa.

"Bado," karani alisema, akiendelea kujipaka.