Jiwe Alivaa Bati

Kwanza nikueleze Jiwe alivyokufa, maana kifo chake ndicho kilichoning'oa meno mawili ya mbele.

"Lango la Kutu" ni filamu ya bei ya kutupwa. Damu yake ni rangi ya kupakia milango, na mvua inaponyesha unaona kabisa kivuli cha mtu aliyeshika mpira wa maji. Inaanza Jiwe akimzika baba yake. Baadaye anakuwa bawabu wa shule, majambazi wanavamia, watoto wanatorokea nyuma, naye anaegemea lango kwa mgongo huku risasi zikipenya. Kabla ya kukata roho anasema: "Lango halifunguki. Mwambieni mama asiniwekee chakula."

Katika ukumbi wa mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, tuliionyesha kila Jumamosi mchana, na haikumchosha mtu. Yakifika maneno hayo, watu wote walisimama, wakavua kofia, wakageukia pazia la picha na kuinamisha vichwa mpaka picha izimike. Hakuna aliyewafundisha. Na kwa kuwa nakala yetu ilikwaruzika, sauti ilikuwa inakatika hapohapo. Basi Jiwe nilimsemea mimi, kwa maikrofoni, kando ya pazia karibu na mlango wa kutokea. Mtaani wakaniita Jiwe. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Halafu mjomba akaleta Sehemu ya Pili.

"Mjomba, Jiwe si alikufa?" nilimuuliza.

"Wewe uliona kaburi lake?"

"Niliona risasi, mjomba. Nyingi."

"Basi nyamaza, watu watajaa."

Walijaa kama dagaa kwenye kopo. Mbele kabisa alikaa nesi mstaafu, aliyewazalisha mama za nusu ya watu waliokuwamo humo. Nyuma, kwenye ukuta wa chumba cha mashine, alisimama Kutu, fundi wa kuchomelea vyuma. Huyu mapenzi yake kwa filamu ile yalishapita mpaka: amechorwa tatuu ya "LANGO HALIFUNGUKI" mgongoni, bega hadi bega, na mlango wa chuma wa chumba cha mashine aliuchomelea bure, ufanane na lango la Jiwe.

Taa zikazimwa. Jiwe akaonekana chini ya lango, amelala vilevile tulivyomwacha. Nesi akaanza kufuta machozi mapema. Mara Jiwe akafumbua jicho moja. Akainuka, akajipangusa vumbi, akafungua shati. Ndani alivaa bati.

"Mliniamini?" akasema, akacheka. Picha iliyofuata yuko kwa mama yake, anakula.



"Bati?" Nesi akauliza kwa upole. Kisha akasimama. "Mume wangu nilimlilia siku tatu! Huyu nimemlilia miaka, kumbe kavaa BATI?"

Chupa yake ya chai iliruka ikapasuka kwenye uso wa Jiwe. Ndiyo iliyofungua vita. Kijana mmoja alipanda jukwaani na kisu, akalichana pazia toka paji la uso wa Jiwe hadi kwenye sahani yake. Benchi zikang'olewa miguu. Aliyejaribu kusema "jamani, ni filamu tu" alipigwa ubao wa kichwa, akakaa chini taratibu, damu ikimtiririka hadi kwenye kola. Wawili waliokuwa upande mmoja walitwangana kwa sababu kila mmoja alitaka awe amekasirika zaidi.

"Mwenye ukumbi yuko wapi?" Kutu akanguruma.

Mjomba, kwa akili zake zote, akatoa kichwa mlangoni mwa chumba cha mashine. "Wateja wangu, tuvumilie, inanoga mbele..."

Jiwe halisi, la mkono, likampata juu ya nyusi. Akarudi ndani, akajifungia. Kutu akaokota nondo na kuanza kuupiga mlango wake mwenyewe, na kwa kuwa aliuchomelea yeye, alijua pa kuupiga. Bawaba ya juu ikakatika. "Mtoeni tumvalishe bati!" wengine wakaitikia. Hawakuwa wanatania. Nilimwona mmoja ameshang'oa bati la paa, kingo zake kali kama wembe.

Mimi nilikuwa hatua chache tu na njia ya kutokea. Mjomba alikuwa na ukumbi mzima katikati, kitambi, na goti bovu. Bawaba ya chini ikalia. Nikashika maikrofoni.

"Lango..." nikasema, kwa sauti ya Jiwe wa kwanza. "Lango halifunguki."

Nondo ikasimama hewani. Kofia zikavuliwa. Watu wenye damu kwenye meno waligeukia pazia lililochanika, wakainamisha vichwa. Hata Kutu aliupa mlango mgongo, na shati lilishamchanika, kwa hiyo maandishi yote yalionekana. Nyuma ya maandishi hayo, lango likafunguka. Mjomba akatoka, ameziba jicho kwa kiganja, damu ikimpita vidoleni.

"Mwambieni... mama..." nikavuta maneno kama mpira. Mjomba akapita kando ya nondo. "Asiniwekee..." Akaruka miguu ya aliyezimia. "Cha... ku... la."

Maneno yakaisha. Mjomba alikuwa bado katikati, ndala zake zikipiga pa, pa, pa, na vichwa vikaanza kuinuka. Ikabidi niongeze.

"Na mwambieni baba... asinisubiri."

Vichwa vikainama tena. Mjomba akafika kwangu, akanipita, akatoka nje kwenye jua. Nikashusha pumzi. Nesi akainua uso.

"Baba yupi?"

"Eee..."

"Jiwe baba yake tulimzika mwanzoni," akasema. "Umeongeza."

"Ameongeza!" Kutu akalia kama mtu aliyechomwa. "Na wewe pia unaongeza!"

Nondo aliidondosha, nadhani aliona ngumi ni heshima zaidi. Ya kwanza ilichukua meno. Nyingine sikuzihesabu, nilikuwa chini ya benchi, na benchi lilikuwa chini ya watu.

Kesho yake nesi alinishona mdomo nyumbani kwake, bila ganzi. Mjomba alikaa pembeni, jicho limefungwa bandeji, hathubutu hata kukohoa. Kutu naye alikuja, mkononi ana bawaba mpya, akasimama mlangoni.

"Jumamosi tunaonyesha ya kwanza," akamwambia mjomba. Kisha akanigeukia. "Sema."

"Mdomo unashonwa, fundi."

"Sema."

Nesi akashikilia uzi. Nikasema, huku upepo ukipenya palipokuwa na meno: "Lango halifunguki. Mwambieni mama asiniwekee chakula."

Walisubiri. Niliacha hapohapo.

Kutu akavua kofia.